Naomba ushauri: Hinari inagoma nikiwa nje ya chuo

Habarini wakuu, nipo mwaka wa mwisho uuguzi hapa Dar, risechi yangu ni presha kwa wajawazito. Nikiwa kwenye waifai ya maktaba Hinari (huduma ya WHO ya kusoma majarida ya afya mtandaoni) inafunguka freshi tu nashusha makala nzima, ila nikirudi geto Mbagala makala ile ile inanidai dola 39, karibu laki nzima, na hapo hata nauli ya daladala naungaunga. Paswedi iliyobandikwa kaunta nimeiingiza kwenye lango la Research4Life (mpango ambao Hinari ipo ndani yake) inakataa, nikabadili brauza nikaazima na laptop ya mshikaji, wapi. Google Scholar mara nyingi inanipa muhtasari tu.

Kuna namna ya kuingia nikiwa nyumbani au mpaka mkutubi aniwezeshe? Na ukiacha PubMed Central (hifadhi ya bure ya makala za tiba mtandaoni), makala nzima za bure mnazitoa wapi?