Mjadala: Ni kweli Konstantino ndiye aliyeanzisha Ukatoliki?

Mwanzisha mada, Kisumu
Matanga huku kwetu hayaishi bila mhubiri kushika maikrofoni na kutangaza kwamba Kanisa Katoliki lilianzishwa na Kaisari Konstantino, na kwamba ni yeye aliyehamisha siku ya ibada kutoka Jumamosi hadi Jumapili. Wakatoliki walioketi chini ya hema wanaguna, msimamizi wa ratiba anakumbusha muda, na mwili unapelekwa kaburini hoja ikiwa haijajibiwa. Tuijibu hapa.

Msimamo wangu nautoa mapema: tarehe zinayakataa madai hayo. Konstantino na kaisari mwenzake Licinius waliruhusu Ukristo mwaka 313. Amri ya kupumzika Jumapili ilitoka 321. Sasa mtazame Yustino Mfiadini, aliyemwandikia Kaisari Antoninus Pius yapata mwaka 155 kuwatetea Wakristo. Anasema siku ya jua watu wa mjini na wa mashambani hukusanyika mahali pamoja. Husomwa maandishi ya mitume au ya manabii kadiri muda unavyoruhusu, msimamizi anatoa mawaidha, wote wanasimama kuomba, kisha unaletwa mkate, na divai na maji. Mashemasi wanawapelekea wasioweza kufika. Wenye nacho wanachanga, na mchango unakwenda kwa yatima, wajane, wagonjwa na wafungwa. Aliyewahi kuhudhuria Misa pale Kibuye hahitaji kuelezwa anachokisoma. Na hapo Konstantino hajazaliwa.

Kuhusu mtaguso wa maaskofu wa Nikea, mwaka 325: waligombania mafundisho ya padre Arius, aliyesema Mwana wa Mungu aliumbwa, na tarehe ya Pasaka. Orodha ya vitabu vya Biblia hawakuipanga, hata kama jirani yako alisikia hivyo redioni.

Msabato, Kendu Bay
Ndugu yangu, umemleta shahidi mmoja, tena wa Roma. Mimi namleta Socrates, mwanahistoria wa Konstantinopoli wa karne ya 5. Anaandika kwamba makanisa karibu yote duniani yaliadhimisha mafumbo matakatifu (yaani Ekaristi, mkate na divai) siku ya Sabato kila wiki, ila Aleksandria na Roma ndizo zilizoacha. Halafu Sinodi ya Laodikia, karne ya 4, kanuni ya 29, inawakataza Wakristo kupumzika Sabato na kuwaagiza wafanye kazi siku hiyo. Hakuna anayepiga marufuku jambo ambalo watu hawalifanyi! Waethiopia nao waliitetea Sabato mpaka mtaguso wa Debre Mitmaq, mwaka 1450, ukawakubalia. Hao si Waamerika wa juzi, kama mnavyotusema sisi Wasabato.

Katekista, Mumias
Asante mwanzisha mada. Niongeze Ignasio wa Antiokia, aliyepelekwa Roma akiwa amefungwa minyororo, mwanzoni mwa karne ya 2. Akiwaandikia Wasmirna anawalaumu wanaokataa kukiri kwamba Ekaristi ni mwili wa Mwokozi. Ndugu zetu wanaosema mkate ni ishara tu wamweke wapi huyu mzee? Imani yetu ndiyo ile ile, kutoka kwa Petro hadi leo.

Mwalimu wa historia, Maseno
Katekista, hapo mwisho umekimbia mno. Ignasio huyo huyo anawataja maaskofu wa makanisa ya Asia karibu kila barua, lakini akiwaandikia Warumi hamtaji askofu wao hata mara moja. Nikea yenyewe Papa Silvesta hakwenda, alituma mapadre wawili. Fundisho la kutokosea kwa Papa lilitangazwa 1870, na la Kupalizwa kwa Maria mbinguni 1950. Usituambie hakuna kilichoongezeka.

Katekista, Mumias
Mwalimu, kutangaza si kubuni. Wakristo wa Mashariki walikuwa wakiadhimisha sikukuu ya kulala kwa Maria kabla ya karne ya 7. Papa wa 1950 aliweka muhuri tu.

Mwalimu wa historia, Maseno
Karne ya 7 si karne ya 1, mzee wangu.

Friends, Kaimosi
Nimesoma yote. Sisi Friends (Quakers) hatubatizi kwa maji wala hatumegi mkate, kwa hiyo leo sote tumetimuliwa na Yustino. Endeleeni.

Legio, Nyalenda
Na sisi wa Legio Maria je? Tulitoka Katoliki miaka ya 1960, Papa wetu tunaye, na Kilatini tulikitunza wao walipokiacha. Nani ameasi nani?

Mwanzisha mada, Kisumu
Omera wa Legio, hiyo inastahili mada yake.

Msabato, Laodikia ina uzito na siikwepi. Inaonyesha Wakristo wengi waliitunza Jumamosi kwa muda mrefu, jambo ambalo Wakatoliki wengi hawajui. Lakini kanuni hiyo hiyo inaitaja Siku ya Bwana kama kitu ambacho kila mtu anakijua, na Waethiopia wako wanaadhimisha siku zote mbili. Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja: andiko la Mkristo yeyote, kabla ya 321, linalowakemea wanaokutana Jumapili kwamba wamewaacha mitume. Katekista, na wewe utuletee andiko la kabla ya mwaka 150 linalomtaja askofu mmoja akiongoza Roma peke yake. Barua ya Klementi wa Roma kwa Wakorintho usiilete, maana iliandikwa kwa jina la kanisa zima la Roma.