Tupeane uzoefu: sindano za kupunguza uzito au nidhamu ya mdomo?

Mizani: Wakuu, tuongee kwa vipimo. Semaglutide, dawa ya sindano ya kupunguza uzito (jina la dukani Wegovy), huanza na mg 0.25 mara moja kwa wiki, wiki 4. Kisha 0.5, 1, 1.7 hadi 2.4, kila ngazi wiki 4. Ile 0.25 ni ya kuzoesha tumbo tu. Wengi huikatia tamaa hapohapo eti haifanyi kazi.

Chuma: Funga mdomo, kilo zitashuka. Dawa ya nini?

Bi Siha: Kushuka zitashuka, ndugu Chuma. Kazi ni kuzizuia zisirudi. Ukikonda, leptini (homoni ya shibe) hupungua, ghrelini (homoni ya njaa) hupanda, njaa inazidi. Jaribio la Minnesota la 1944–45 liliwapunguzia chakula wanaume 36 wenye afya, waliojitolea wenyewe, kwa miezi 6. Wakawa wanawaza chakula kutwa. Hao nao walikosa nidhamu?

Chuma: Na wanaoacha sindano je?

Bi Siha: Hapo una hoja. Kwenye utafiti wa semaglutide uitwao STEP 1, mwaka mmoja baada ya kuacha, theluthi mbili ya uzito uliopungua ilikuwa imerudi.

Kitomondo: Naunga mkono. Wote wawili.

Zamu ya Usiku: Mmenikumbusha balaa la vichupa vya semaglutide. Kalamu ina kipimo chake tayari, ila kichupa unavuta mwenyewe kwa bomba la insulini, na bomba hilo lina alama za uniti: uniti 100 ni ml 1. Daktari kaandika mg 0.25, kichupa ni cha mg 2.5 kwa ml. Sahihi ni ml 0.1, yaani uniti 10. Mtu akiona "0.25" anavuta uniti 25: dozi mara mbili na nusu. Mwingine anajaza bomba zima: mara kumi! Au anabadilishiwa kichupa, sasa ni cha mg 5 kwa ml, naye anavuta mpaka mstari uleule wa 10. Dozi imeongezeka maradufu bila yeye kujua. Mwaka 2024 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari juu ya waliojidunga mara 5 hadi 20 ya dozi. Kinachofuata ni kutapika mfululizo, maji kwisha mwilini, figo kuumia. Dawa ya kuitengua hakuna, na baada ya siku 7 karibu nusu yake bado imo mwilini. Someni mg kwa ml kabla ya kugusa bomba.

Kitomondo: Duh.

Mizani: Mkuu, umeteka uzi mzima! Kwa hiyo vichupa vyote ni sumu?

Zamu ya Usiku: Sikusema hivyo. Soma tena.

Jiko Kuu: Turudi kwenye sahani. Dawa huchelewesha chakula kutoka tumboni, ndiyo maana mafuta mengi na kula harakaharaka huleta kichefuchefu. Anza na protini, kisha mboga, wanga mwisho. Ukishiba acha, hata kama limebaki tonge moja.

Chuma: Mimi nasema pika kidogo. Kisichopikwa hakiliwi.

Bi Siha: Ukipika kidogo mno misuli nayo inaondoka. Lenga gramu 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili, ukiwa na ugonjwa wa figo muulize daktari kwanza, na nyanyua vitu vizito mara 2 au 3 kwa wiki. Maumivu makali ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni yasisubiri kesho, huenda ni kongosho limevimba.

Kitomondo: Na mtu akisahau Wegovy siku yake?

Mizani: Kama dozi ijayo iko mbele zaidi ya saa 48, achome akikumbuka. Chini ya hapo, airuke. Asichome mbili kufidia.