Baiskeli ya umeme yenye mota nyuma: nifanye nini mwenyewe nyumbani, na wapi nisiguse?

mwendo_25

Wakuu, habari za wakati huu. Naomba mwongozo wa matengenezo ya nyumbani. Baiskeli ni ya umeme, mota iko kwenye kitovu cha gurudumu la nyuma, betri ni ya volti 48, breki za diski zinazotumia mafuta, gia 8 nyuma. Imeshatembea kilomita 1,800 hivi.

Dalili ni tatu. Cheni inakwaruza, na ukikanyaga kwa nguvu inaruka. Breki ya mbele inapiga mluzi na haishiki vizuri. Ya tatu ndiyo inayonichanganya: kwenye tambarare skrini inaonyesha betri nusu, ukianza kupanda mlima inashuka hadi kijiti kimoja na mota inakata, halafu ukisimama dakika chache vijiti vinarudi.

Vifaa vilivyopo ni spana za kawaida, spana za L, pampu na mita ya kupimia umeme. Nianze na kipi? Na kipi nimwachie fundi?

volti54

Anza na betri mkuu, lakini usiihukumu kabla ya kuipima. Vile vijiti vya kwenye skrini havipimi kiasi cha umeme kilichobaki, vinasoma volti za wakati huohuo tu. Mlimani mota inavuta ampea nyingi, volti zinashuka, vijiti vinashuka nazo. Ukisimama, volti zinapanda tena. Kushuka volti mbili tatu ni kawaida. Kushuka mpaka kontrola (kifaa kinachodhibiti umeme unaokwenda kwenye mota) inakata ilhali betri ina nusu si kawaida, na sababu kubwa ni tatu: seli zimechoka, betri ina baridi sana, au kuna mguso mbovu mahali fulani njiani.

Betri ya lithiamu ya volti 48 kwa kawaida ina makundi 13 ya seli yaliyofuatana, na kila kundi likijaa linafika volti 4.2. Kwa hiyo ikijaa kabisa unatakiwa usome 54.6. Chaji mpaka taa ya chaja iwe kijani, chomoa, subiri saa moja, kisha pima kwa mita ikiwa kwenye volti za DC, kipimo cha 200. Kama betri ina swichi, iwashe kwanza la sivyo unaweza kusoma sifuri ukadhani imekufa. Ncha za mita zisigusane hata kidogo zikiwa ndani ya tundu la betri. Umeme uliomo humo unatosha kuyeyusha ncha na kukuunguza mkono.

Ukipata 54.2 kwenda juu, vizuri. Ukipata chini ya 53.5, yawezekana kuna kundi moja linalofika juu kabla ya wenzake na bodi ya BMS (saketi ndani ya betri inayolinda seli) inakatisha chaji kulilinda. Dawa ya kwanza ni kuiacha kwenye chaja saa tatu nne baada ya taa kuwa kijani, ukiwa karibu, maana bodi nyingi husawazisha makundi mwishoni mwa chaji na hufanya hivyo polepole sana. Rudia mara mbili au tatu halafu pima tena.

Kisha toa betri, chukua tochi, angalia meno ya shaba kwenye kitako kinachobaki kwenye fremu. Meno mazima yanang'aa, pande zote mbili rangi moja. Jino lenye mguso mlegevu huwa kahawia au jeusi, na plastiki inayolizunguka huwa imevimba au imepinda kidogo kwa joto. Hapo ndipo volti zako zinapopotelea mlimani. Safisha kwa spiriti ya isopropili na mswaki mkavu. Usipige msasa, unatoa tabaka la juu linalozuia kutu na baada ya wiki chache hali inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Kama plastiki imeyeyuka, kitako kibadilishwe.

Usichopaswa kugusa ni ndani ya betri. Usifungue kasha, usichomelee waya, usiongeze seli. Betri iliyovimba, inayotoa harufu kama ya kiyeyushi cha rangi, au inayopata joto bila kutumika, itoe nje mbali na vitu vinavyoshika moto na usiichaji tena.

Chaja iwe ya 54.6 kamili. Kuna chaja za 58.8 za betri za volti 52, na plagi inaweza kuingia bila shida yoyote. Usichaji betri ikiwa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, maana lithiamu hujipaka juu ya elektrodi badala ya kuingia ndani yake na hasara hiyo hairudi. Ikitoka safari ya jua au mlima, iache ipoe kwanza. Na mahali pa kuchajia pasiwe kwenye njia ya kutokea nje, kwa sababu moto wa lithiamu hauzimiki kirahisi na utahitaji mlango huo.

pini24

Nashika cheni na breki. Kabla ya yote: zima umeme na toa betri kabla hujaweka mkono kwenye cheni au pedali. Gurudumu la nyuma likiwa limeinuliwa, ukizungusha pedali kwa mkono sensa ya pedali inaweza kuiwasha mota, na vidole vikiwa kwenye cheni havitoki salama. Hili watu hulipuuza kwa sababu baiskeli ya kawaida haina hatari hiyo.

Cheni haihitaji kifaa maalumu kuipima. Chukua rula ya chuma, cheni ikiwa imevutika, weka sifuri katikati ya pini moja na uhesabu mpaka pini ya 24 baada ya hiyo. Cheni mpya inasoma milimita 304.8. Ikifika 307 hivi imeongezeka asilimia 0.75, na kwa gia 8 huo ndio wakati wa kubadilisha. Ikifika karibu 308 tayari imeshakula na meno ya gia.

Kuruka angalia kunatokea wapi. Kama inaruka kwenye gia moja au mbili tu, zile unazozitumia zaidi, meno ya gia hizo yameliwa. Yatazame kwa upande, yatakuwa yamechongoka na kulala upande mmoja. Kama inaruka kwenye gia zote, shuku waya wa gia uliolegea au kiungo cha cheni kilichokakamaa. Waya unarekebishwa kwa kile kifundo unachozungusha kwa mkono pale unapoingia kwenye kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni: robo mzunguko, jaribu, robo tena.

Kupaka mafuta: futa cheni kwanza kwa kitambaa mpaka uchafu uache kutoka. Tone moja kwa kila kiungo, upande wa ndani wa cheni. Zungusha pedali nusu dakika, subiri dakika kumi, halafu futa nje yote kwa kitambaa kikavu. Mafuta yanayohitajika yako ndani ya viungo. Yanayobaki nje yanashika vumbi, na vumbi likichanganyika na mafuta linasaga chuma kama msasa.

Breki inayopiga mluzi *na* kushika vibaya kwa pamoja, mara nyingi pedi zimeguswa na mafuta. Chanzo cha kawaida ni dawa ya kupuliza ya cheni iliyopeperuka, au mkono wenye grisi uliogusa diski. Toa gurudumu, futa diski pande zote kwa spiriti ya isopropili na kitambaa kipya, si kile cha cheni. Pedi zikiwa zinang'aa tu juu, zisugue kwenye msasa namba 120 uliolazwa juu ya kioo au meza tambarare mpaka mng'ao uishe. Zikiwa zimelowa mafuta, zitupe. Nyenzo ya pedi inanyonya mafuta kama sponji na haitakasiki. Unene wa nyenzo, bila kuhesabu bati la nyuma, ukiwa chini ya milimita 1 nunua nyingine. Diski nyingi zina unene wa 1.8 zikiwa mpya, na kikomo, mara nyingi 1.5, kimeandikwa kwenye diski yenyewe.

Gurudumu likiwa nje usibonyeze mkono wa breki. Pistoni zitajitokeza na diski haitaingia tena. Weka kipande cha kadibodi ngumu kati ya pedi.

Ukishaweka pedi mpya, kimbia kilomita 20 kwa saa, funga breki taratibu mpaka karibu kusimama bila kuburuza tairi, rudia mara 20. Kabla ya hapo zitashika vibaya hata kama ni nzuri, na wengi huzirudisha dukani kwa kosa hilo.

njiti36

Wenzangu wamesema vizuri, ila bado kuna kitu kinachoharibu fremu nzima: nati za ekseli ya mota. Kwenye baiskeli ya kawaida nati inashikilia gurudumu tu. Hapa mota inajaribu kuzungusha ekseli yenyewe ndani ya mdomo wa fremu (ule mwanya ekseli inapokaa), na kinachoizuia ni ile bapa ya ekseli pamoja na wosha yenye jino. Nati zikilegea, ekseli inageuka, mdomo wa fremu unapanuka na waya wa mota unajisokota hadi kukatika. Angalia kila mwezi. Spana ni namba 18 au 19, na mkazo ni Nm (nyutoni mita) 40 hivi isipokuwa mtengenezaji ameandika tofauti.

Ukilazimika kutoa gurudumu la nyuma, piga picha mpangilio wa wosha kwanza. Plagi ya waya wa mota ina mishale miwili inayotazamana: vuta moja kwa moja, usiizungushe, kwa sababu pini za ndani ni nyembamba na zikipinda mota inatetemeka au haizunguki kabisa. Ukirudisha, jino la wosha liingie ndani ya mdomo wa fremu, na waya utoke ukielekea chini ili maji yadondoke badala ya kufuata waya mpaka ndani ya mota.

Pancha ndogo haihitaji hayo yote. Toa tairi upande mmoja tu gurudumu likiwa mahali pake, vuta tyubu pale penye tundu, ziba, rudisha. Kabla ya kurudisha, pitisha vidole polepole ndani ya tairi, mwiba mara nyingi bado umo.

Na njiti za gurudumu: gonga kila moja kwa bisibisi. Inayotoa sauti nzito kuliko jirani zake imelegea. Ikatikapo moja, mzigo unahamia kwa za pembeni, na uzito wa mota unazimaliza haraka.

mwendo_25

Asanteni sana wakuu. Vipimo: betri 54.4 baada ya saa moja. Jino la hasi kwenye kitako ni kahawia, plastiki haijayeyuka. Cheni 306.9, na kuruka ni gia ya nne peke yake. Pedi za mbele zina 1.5 lakini zinang'aa kwa mafuta.

volti54

54.4 ni nzuri. Safisha hilo jino, kisha rudi kwenye mlima uleule ukiwa na kiasi kilekile cha betri. Kama inakata tena, baada ya kusimama shika kitako kwa mkono: kikiwa na joto, mguso bado ni mbovu na kitako kibadilishwe. Kikiwa cha baridi, seli zimechoka, na hilo ni la fundi mwenye kifaa cha kupima betri ikiwa na mzigo.

pini24

Badilisha cheni pamoja na seti ya gia za nyuma. Cheni mpya juu ya meno yaliyoliwa itaruka zaidi ya hii ya zamani. Unapokata mpya, hesabu viungo, usilaze cheni mbili sambamba ukapima kwa urefu, maana ya zamani imeshaongezeka. Pedi za mbele tupa zote mbili, na ufute diski kabla mpya hazijaigusa.