Pawabenki ipi inafaa kwa safari za vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika?

Mwuliza swali, Kigoma Mjini
Habari za wakati huu, ndugu zangu. Kazi yangu ya kukusanya takwimu za afya hunipeleka kwa boti katika vijiji vya mwambao wa kusini, kuelekea Kalya, ambako siku kadhaa hupita bila umeme wa uhakika, nami hutegemea simu yenye betri ya mAh 5,000 (mAh ni kipimo cha ujazo wa betri) inayotumika mchana kutwa kwa kujaza fomu na kupiga picha. Dukani huku Mwanga nimeonyeshwa pawabenki mbili: moja nzito iliyoandikwa mAh 20,000, na nyingine nyepesi iliyoandikwa mAh 50,000, yenye kioo cha sola mgongoni na bei ndogo kuliko ya kwanza. Naomba ushauri wa mwenye uzoefu kabla sijatoa fedha.

Fundi simu, Mwanga
Dada, chukua hiyo nzito. Seli ya lithiamu ya aina ya 18650, ambayo hutumika katika pawabenki nyingi, ina uzito wa gramu 45 hadi 50, na hata iliyo bora hubeba takribani mAh 3,500 tu. Kwa hiyo mAh 50,000 za kweli zinahitaji seli 15 za daraja la juu, yaani karibu gramu 700 kabla hujahesabu ganda na sakiti. Mwombe muuza dagaa akupimie hicho kifaa chepesi kwenye mizani yake. Kikiwa na gramu 250, maandishi ya mgongoni ni ya uongo, na mtu aliyedanganya kwenye ujazo simwamini kwenye sakiti inayozuia betri isiungue.

Ujue pia kwamba hata namba ya kweli haifiki yote kwenye simu. Ujazo wa mAh 20,000 huhesabiwa kwa volti 3.7 za seli, ambao ni sawa na wati-saa 74 (wati-saa ni kipimo cha nishati iliyomo), ilhali umeme unaotoka kwenye tundu la USB huanzia volti 5, na katika kuupandisha sehemu yake hupotea kama joto. Ukipata asilimia 65 umepata vizuri. Betri ya simu yako ina karibu wati-saa 19, hivyo itajaa mara mbili na nusu hivi. Watengenezaji waaminifu huchapa kwa herufi ndogo ujazo unaotoka, na hiyo ndiyo namba ya kusoma.

Mwuliza swali
Ahsante sana, fundi. Je, kile kioo cha sola nacho hakina msaada wowote huko vijijini?

Mwalimu, Uvinza
Kioo cha ukubwa wa kiganja hutoa wati moja au mbili jua likiwa kali, kwa hiyo kujaza wati-saa 74 kungekuchukua zaidi ya wiki nzima ya jua safi. Ubaya zaidi ni kwamba kinakulazimisha kuianika betri yenyewe, na joto ndilo linalozeesha lithiamu upesi. Nunua paneli ya kukunja ya wati 20 inayojitegemea, uitandaze juani, na pawabenki ikae kivulini kwenye ncha ya waya. Kuhusu boti, usitegemee neno la muuzaji kwamba haiingii maji: tafuta alama ya IP67, ambayo maana yake ni kustahimili kina cha mita moja kwa dakika 30, na usipoiona, tumia mfuko wa plastiki mzito unaokunjwa mdomo. Tundu likilowa, usichomeke waya mpaka likauke kabisa.

Msafiri, Ujiji
Naongeza jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi, nalo ni kasi ya pawabenki yenyewe kujaa. Iliyoandikwa kuwa inapokea volti 5 na ampia 2 itahitaji zaidi ya saa nane kwa mAh 20,000, na umeme ukikatika usiku wa kuamkia safari utaondoka nayo nusu. Inayopokea wati 18 hutumia takribani saa tano. Na ukitumwa Dar es Salaam kwa ndege, iwe kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye mzigo wa chini. Kikomo cha kawaida bila kibali cha shirika la ndege ni wati-saa 100, hivyo ya mAh 20,000 inapita, lakini mAh 50,000, hata zingekuwa za kweli, ni wati-saa 185, na hizo haziruhusiwi kabisa.