IST inatetemesha usukani nikikanyaga breki: nataka kubadilisha diski na pedi mwenyewe

Mwalimu_Venia
Wakuu, habari za jioni. Nina Toyota IST ya 2004. Wiki mbili zilizopita tulikuwa tunarudi Dar kutoka msibani Iringa, pale Kitonga nikajikuta nyuma ya lori la kontena, nikashuka mlima wote mguu uko juu ya breki. Tunakaribia chini, harufu ya kuungua ikajaa ndani ya gari. Mke wangu akadhani ni yale mahindi tuliyopewa msibani. Tangu siku hiyo, nikikanyaga breki kwenye spidi 80 usukani unapapatika kama nimeshika kuku anayejua anaenda kuchinjwa. Na tangu juzi mbele kushoto panakwaruza, chuma kwa chuma.

Fundi wa mtaani anataka 60,000 ya ufundi peke yake. Si kwamba sina, ila mara ya mwisho fundi mwingine alinirudishia gari lina nati tatu kwenye tairi la nati nne. Sasa nataka nijifanyie.

Diski nimeipima kwa venia ya maabara, kile kifaa cha kupimia unene (mimi nafundisha fizikia, na venia nimeshairudisha, msianze). Imelika hadi chini ya ile namba ya MIN (unene wa mwisho unaoruhusiwa) iliyogongwa kwenye diski yenyewe. Nimeshanunua kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar, diski mbili 150,000 na pedi seti moja 40,000. Nina jeki ya gari, spana 14 na 17, nyundo. Je, ni lazima nitoe hewa kwenye breki? Nianzie wapi?

Gereji_Tabata
Mwalimu, shikamoo kama umenizidi umri.

Kwanza hiyo jeki. Jeki ya buti ni ya kubadilishia pancha, usiingize kichwa chini ya gari kwa kuiamini. Azima stendi mbili. Tofali la sementi usiweke kabisa, linapasuka ghafla bila kukuaga. Weka mawe kwenye matairi ya nyuma, vuta hendibreki, na tairi ulilotoa lilaze chini ya gari ubavuni. Nati uziregeze gari likiwa bado chini.

Ukishatoa tairi la mbele utaona kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski; kwa upande wake wa ndani imeshikwa na bolti mbili za 14. Ukishaitoa usiiache ining'inie kwa mpira wake wa mafuta, ifunge kwa waya kwenye springi ya shokapu. Diski haitoki mpaka utoe na braketi, kile chuma kinachobeba kalipa, bolti mbili za 17, na hizo zina kiburi, tafuta bomba la kurefushia spana. Pistoni, ule mchi ndani ya kalipa unaosukuma pedi, irudishe ndani polepole kwa klempu, pedi ya zamani ukiwa umeiegesha mbele yake. Kabla hujaisukuma, fungua kifuniko cha mafuta ya breki uangalie. Yakiwa yamejaa, vuta kidogo kwa bomba la sindano, maana yakimwagika yanakula rangi ya gari.

Hewa hutoi. Hujafungua mpira, hewa itapita wapi?

Maliza upande mmoja ndipo uende wa pili. Ukichanganyikiwa, unaenda kuchungulia ule ambao hujaugusa.

Noah_Mbagala
Mnamtia hasara mwalimu wa watu. Diski zinachongwa! Mimi Noah yangu nimechonga mara mbili na natembea. Diski mpya angenunua mwakani.

Gereji_Tabata
@Noah_Mbagala kasome tena, kasema imepita MIN. Kuchonga ni kuipunguza tena. Diski nyembamba inashika moto upesi, na huyu anapita Kitonga.

Mwalimu_Venia
Jumapili, saa tano asubuhi, jasho linanitoka. Kalipa imetoka, braketi imetoka (bomba nimekata kwenye kitanda cha zamani). Diski haitingishiki. Nimegonga mpaka jirani katoka kuuliza kama najenga.

Gereji_Tabata
Acha nyundo. Angalia uso wa diski, kuna matundu mawili madogo yenye nyuzi. Tafuta bolti mbili za M8 (unene wa milimita 8) ziingie humo, kaza moja kidogo, nyingine kidogo, kwa zamu. Itajisukuma yenyewe. Ikitoka, sugua habu, pale diski inapokaa, kwa brashi ya waya mpaka ing'ae. Kutu kidogo tu ikibaki pale, diski mpya inakaa upande na kuku wako anarudi kwenye usukani. Na diski mpya ina mafuta ya dukani, ioshe kabla hujafunga.

Mwalimu_Venia
Zimetoka! Sasa sikilizeni. Upande wa kushoto pedi ya nje ina nusu nzima, ya ndani imebaki bati tupu. Pini ya chini ambayo kalipa inatelezea ilikuwa imeganda, nimeizungusha kwa koleo robo saa. Nimeisafisha, nimepaka ile grisi ya breki (muuza duka alitaka kunipa ya bearing, nikakataa), sasa inateleza kwa kidole. Kumbe ningebadilisha pedi tu bila kuigusa, ningerudi hapa hapa kulalamika.

Ila mmesahau kunionya jambo moja. Nimemaliza pande zote, nimewasha gari, nikarudisha nyuma, nakanyaga breki, mguu umeenda mpaka chini kama kwenye maji. Hendibreki ndiyo iliyookoa ukuta wa mwenye nyumba.

Gereji_Tabata
Aisee, hilo ni langu, nisamehe mwalimu. Pistoni ulizirudisha ndani, kwa hiyo kabla gari halijasogea unapampu pedali mpaka iwe ngumu, kisha unatazama tena mafuta. Kesho alfajiri kabla ya foleni, tafuta barabara nyeupe: kimbia 60, kanyaga wastani mpaka 10, usisimame, ondoka tena. Mara kumi hivi, halafu tembea tu bila kuzigusa sana zipoe. Kitonga nyingine shuka na gia 2, acha injini ikushike.

Mwalimu_Venia
Nimetoka barabarani sasa hivi. Usukani umetulia kabisa. Harufu kidogo ilikuwepo mara za mwanzo, imeisha.

Gereji_Tabata
Ndiyo yenyewe. Baada ya kilomita kama 50 kaza nati tena. Zote nne.