Riwaya au tawasifu ya mwandishi yuleyule: tuanze na ipi?

Kurasa_Zilizokunjwa (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za humu.

Tuko sita, tunasoma vitabu viwili kwa pamoja kila baada ya miezi miwili, na kila mara ugomvi ni uleule. Nusu yetu hawataki kusikia riwaya ("ya kutunga nilimaliza shuleni"), nusu wengine wakisikia neno historia wanaanza kupiga miayo. Safari hii nimekuja na hila: tumsome mwandishi mmoja mara mbili. Riwaya yake, kisha kitabu alichojieleza mwenyewe. Kila upande upate chake na pasiwe na wa kununa.

Jozi nilizopata ni hizi:

1. Shaaban Robert: *Kusadikika* (1951), pamoja na *Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini*.
2. Ken Walibora: *Siku Njema* (1996), pamoja na *Nasikia Sauti ya Mama* (2014).
3. Adam Shafi: *Haini* (2003), pamoja na *Mbali na Nyumbani* (2013).

Mliosoma vyote viwili katika jozi yoyote, ipi inastahili? Na tuanze na cha kutunga au cha kweli?

---

Karani_Mstaafu

Namba moja, bila kusita.

*Kusadikika* wengi tuliisoma kwa ajili ya mtihani, tukaichukia kwa sababu ya mtihani. Isome sasa. Nchi inaelea angani, Karama anashitakiwa kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria, na Waziri Majivuno ndiye mshitaki. Karama hajitetei kwa kusema "sikufanya". Anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, Kaskazini, Kusini, Mashariki, Magharibi, mbinguni na ardhini. Kila mmoja alirudi na maarifa ya kuinufaisha nchi, na kila mmoja malipo yake yakawa adhabu. Sasa kumbuka kitabu kinatoka 1951, na aliyekiandika anakula mshahara wa serikali ya kikoloni.

Halafu fungua *Maisha Yangu* uitafute hasira hiyo. Huikuti ikiwaka vile. Unamkuta mtu mpole aliyefiwa na mke, analea watoto, anamwandikia binti yake utenzi wa *Hati* na mwanawe utenzi wa *Adili*. Shairi la Amina limo humo. Nilikuwa nimelikariri tangu utotoni bila kujua kwamba Amina alikuwa mkewe na kwamba alikufa kweli. Nilipolikuta mahali pake, katikati ya maisha ya mtu, niliweka kitabu chini.

Yaani hasira kaitia kwenye cha kutunga, huzuni kaiacha kwenye cha kweli. Hilo peke yake linatosha kuwapeni mazungumzo ya usiku mzima.

---

Wino_Mkavu

Mzee wangu Karani, shikamoo. Nakuheshimu lakini hapo umeipamba. *Kusadikika* kama riwaya ni kavu. Watu hawana nyama wala damu: Majivuno anajivuna, Karama ana karama, basi. Wajumbe ni sita lakini ukishamsoma wa pili umeshawajua wote. Ukiwapa hao ndugu wanaosema ya kutunga waliimaliza shuleni, utakuwa umewapa ushahidi.

*Maisha Yangu* nakubali. Kile hata mtu asiyependa kusoma atakimaliza.

---

Karani_Mstaafu

Marahaba. Majina kuwa tabia si ukavu, ni mtindo wa zamani wa mafumbo. Na ulitaka aandikeje? Amtaje gavana kwa jina? Ila la wajumbe sikatai, yule wa nne na wa tano hata mimi nawachanganya.

---

BintiMsomi

Mimi niko namba mbili. *Siku Njema* ndiyo riwaya iliyonifanya nipende Kiswahili, na siamini kama niko peke yangu humu. Kijana Msanifu Kombo, ambaye Kiswahili chake ni kizuri hadi wenzake wanamwita Kongowea Mswahili, anampoteza mama aliyekuwa mwimbaji wa taarabu, anaondoka Tanga kwenda kumtafuta baba asiyemjua, hadi Kitale. Imeandikwa kwa nafsi ya kwanza na sauti ni ya karibu mno. Nikiwa mdogo niliapa kwamba hayo ni maisha ya mwandishi mwenyewe.

Ndiyo maana *Nasikia Sauti ya Mama* ilinichanganya. Nilikwenda kumtafuta Kongowea nikamkuta mtu mwingine! Mama yumo, safari zimo, kupenda lugha kumo, lakini vimepangwa vingine kabisa. Ni kama kuonyeshwa kitambaa ambacho gauni lilikatwa.

Na kule Kitale anapofika kwenye ile nyumba, anakuta

---

Msomaji_Mvivu

Weee dada, ishia hapo hapo! Wengine hatujafika Kitale.

---

BintiMsomi

😂 Samahani jamani. Nimekata. Lakini kitabu kina miaka mingi, mlikuwa mnasubiri nini?

---

Wino_Mkavu

*Siku Njema* ina kasoro moja ambayo mashabiki wake hawapendi kuisikia: bahati. Kongowea anakutana na mtu sahihi mahali sahihi kila anapokwama. Ukiwa na miaka kumi na mitano unaona ni kudura. Ukiwa mtu mzima unaona kalamu ya mwandishi ikimsukuma mgongoni. Tawasifu haina anasa hiyo, mtu akikwama amekwama. Kwa hiyo mkichagua hii jozi, anzeni na riwaya. Mkianza na tawasifu, riwaya itaonekana nyepesi.

---

BintiMsomi

Hilo la bahati nalimeza kwa shida, ila nalimeza.

---

Pwani_Hadi_Bara

Nimeshangaa hakuna aliyeigusa namba tatu.

Nimesoma *Haini* mara mbili na sitaisoma ya tatu, si kwa sababu ni mbaya. Ni kwamba inakukaa mwilini. Kiongozi wa nchi ameuawa, watu wanazolewa, na Hamza ni mmoja wa waliozolewa. Sehemu kubwa unakuwa ndani ya kuta: mahojiano, mateso, kungoja, kusikiliza nyayo za viatu nje ya mlango. Mateso yana kurasa zake, lakini kilichonitesa mimi ni kungoja. Shafi anajua jinsi mfungwa anavyopima siku kwa sauti badala ya saa, na anajua kwa sababu yalimpata: Rais Karume wa Zanzibar aliuawa Aprili 1972 na yeye alikuwa miongoni mwa waliotiwa kizuizini baada ya hapo. Riwaya ikatoka 2003. Hesabu mwenyewe miaka aliyokaa nayo kifuani.

*Mbali na Nyumbani* ni mtu mwingine kabisa. Kijana anatoka Zanzibar bila hela ya maana, anataka kufika ng'ambo kusoma, anapita nchi baada ya nchi, Sudan, hadi Misri ya Nasser. Anachekesha! Njaa ipo, polisi wapo, mpaka unavukwa kijanja, lakini moyo ni wa kijana anayeona dunia ni pana na ni yake.

Kura yangu iko hapo.

---

Wino_Mkavu

Naunga mkono kwamba vyote viwili ni vitabu vya kweli kweli, lakini Kurasa, hiyo si jozi uliyoitaka. Ulisema mwandishi ajieleze mara mbili. Hapa hajaeleza jambo moja mara mbili. Ujana kauandika kama ulivyokuwa, kwa jina lake. Kifungo kakiandika kwa jina la Hamza.

---

Pwani_Hadi_Bara

Sasa mkuu, hapo hapo ndipo penye utamu. Kwa nini yaliyomchekesha kayasema "mimi" na yaliyomuumiza kayasema "yeye"?

---

Karani_Mstaafu

Hofu, labda. Au adabu kwa wenzake waliokuwa naye ndani. Ukiandika tawasifu ya kifungo, lazima umtaje aliyevunjika na aliyemchongea mwenzake, na watoto wao wapo wanasoma. Riwaya inakuruhusu kusema kilichotendeka bila kumnyooshea mtu kidole.

Nakubali, jozi hii ni nzito kuliko yangu. Sijasema ni nzuri kuliko yangu.

---

KikoChaMsa

Nyinyi mna roho. Watu sita wamekutana baada ya kazi mnawapa jela na kufiwa na wake? Wapeni *Mzimu wa Watu wa Kale* wa Muhammed Said Abdulla, ulishinda shindano la uandishi ukachapwa 1960, mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, maiti, na kila mtu ni mshukiwa. Hakuna tawasifu ya kuoanisha, najua, najua. Lakini watamaliza.

---

Msomaji_Mvivu

Nimekupenda bure KikoChaMsa.

---

Mlinzi_wa_Rafu

Naomba kuvunja sharti la "mwandishi mmoja" ili nipendekeze ya nne: mahali pamoja, kalamu mbili.

*Peponi*, ile riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya 1994 iliyotafsiriwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis ikatoka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupewa Nobeli. Pamoja nayo, *Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi yaani Tippu Tip*, tawasifu ya yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa.

Kwenye *Peponi* mtoto Yusuf anachukuliwa na "Ami" Aziz, ambaye si ami wa mtu. Ni mfanyabiashara anayemdai baba, na mtoto ni rehani. Baadaye Yusuf anafuatana na msafara kwenda bara, na msafara unaporwa kwa mtawala aitwaye Chatu. Unauona msafara kwa macho ya asiye na sauti ndani yake.

Tippu Tip ndiye mwenye msafara. Aliyaandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Ni kitabu baridi. Pembe zimepimwa, watu wametekwa, mji umeteketea, tukaondoka. Hakuna kujutia wala kujisifu sana. Nenda rudi ya hesabu tu.

Na sasa sikilizeni ninyi mnaosema "cha kweli". Kuna mahali Tippu Tip anaelezea alivyofika kwa mtawala mmoja mzee wa bara, Kasongo, mwenye dada waliotekwa zamani wakapotea. Tippu Tip alishazisikia habari hizo kabla. Akajitungia bibi: akasema yeye ni uzao wa dada mmojawapo. Mzee akaamini, akampa utawala. Na haya anatusimulia mwenyewe, bila kupepesa!

---

Wino_Mkavu

Subiri. Yaani ndani ya tawasifu kuna mtu anatunga hadithi, na hadithi inampa nchi?

---

Mlinzi_wa_Rafu

Ndiyo. Na ndani ya riwaya ya *Haini* kuna mtu anasema kweli aliyoshindwa kuisema kwa jina lake. Basi Kurasa, hao wako wanaogombana watakaa upande gani?

---

BintiMsomi

Mimi nimehama. Walibora atanisamehe.

---

Karani_Mstaafu

Tahadhari moja kuhusu Tippu Tip. Kiswahili chake ni cha karne ya 19, sentensi zinakimbizana bila kupumua, majina ya mahali mengine hutayakuta kwenye ramani. Msigawiane kurasa hamsini kwa wiki. Mtakimbiana. Kumi kumi, na mmoja asome kwa sauti. Kile kitabu kinaeleweka zaidi kwa masikio kuliko kwa macho.

---

Kurasa_Zilizokunjwa

Wakuu asanteni, nimepata zaidi ya nilichokuja kuomba. Nimewasomea wenzangu uzi huu. Matokeo:

Tunaanza na namba tatu. Wasiopenda riwaya walikuwa wamegoma hadi waliposikia kwamba mwandishi wa *Haini* alikuwa ndani kweli, ndipo mmoja akasema "hiyo basi si ya kutunga". Sikumjibu, nikaandika jina lake kwenye orodha haraka. Baada ya hapo ni *Peponi* na Tippu Tip. *Maisha Yangu* nimejiwekea mwenyewe, kwa ajili ya Amina.

Limebaki moja: kwenye namba tatu, tuanze na kipi?

---

Pwani_Hadi_Bara

*Mbali na Nyumbani* kwanza. Mjueni yule kijana anayecheka mipakani, mmpende. Ndipo mwingie kwenye *Haini*.

---

Wino_Mkavu

Kinyume chake. *Haini* kwanza, wakati mna nguvu, kisha *Mbali na Nyumbani* iwatoe nje mpate hewa. Ukianza na furaha ukaishia kwenye lile giza, kikao cha mwisho watu watakaa kimya tu.

---

Pwani_Hadi_Bara

Na wakikaa kimya kuna ubaya gani?

---

KikoChaMsa

Mgawane, watatu hivi, watatu vile, mkutane katikati. Mimi na Msomaji_Mvivu tuko kwa Bwana Msa. Tumefika ukurasa wa ishirini na tayari namshuku kila mtu.

---

Kurasa_Zilizokunjwa

Watatu watatu! Nimelichukua hilo. Nitarudi baada ya miezi miwili kuwaambia kundi lipi limenuna.