Kutoa rangi ya zamani kwenye modeli za plastiki: spiriti, Dettol, mafuta ya breki au kostiki?

Mwanga_Juu (Kigoma)
Wakuu, habari za jioni. Nimeokota boksi la modeli kwenye mitumba ya vitu vya watoto: meli ya plastiki ya kuunganisha ya Airfix, kichwa cha treni na askari wadogo wa chuma. Aliyekuwa nazo alizipaka rangi nene hadi ribiti (vile vichwa vidogo vya pini za kuungia mabati) zimezama. Nataka nirudi kwenye plastiki tupu, kisha ile meli niigeuze iwe Liemba, meli yetu kongwe ya Ziwa Tanganyika. Jirani yangu fundi rangi ananiambia tina inatosha, lakini roho inasita. Dawa maalumu za modeli huku hazipo. Ninachoweza kupata ni spiriti ya duka la dawa, Dettol, mafuta ya breki, na kostiki wanayopikia sabuni. Nani anazijua kwa kuzitumia?

ReliYaKati_Tabora
Mkuu, tina weka mbali kabisa na plastiki. Modeli nyingi ni polistarini, jamii moja na ile foma nyeupe inayofungiwa runinga mpya. Chukua kipande cha foma, kidondoshee tina au petroli uone kinavyonywea. Asetoni ni yale yale, kwa hiyo na rimuva ya kucha usiiguse. Mafuta ya taa hayana haraka hiyo, ila rangi iliyokomaa hayaitoi vizuri, na plastiki iliyobanwa yanaweza kuitia nyufa.

Kwa wale askari wa chuma tina ni sawa, mradi uko nje penye upepo na jiko la mkaa halipo karibu. Hakikisha tu ni chuma kweli, maana plastiki iliyopakwa vizuri hudanganya macho. Pima uzito mkononi.

Sasa, kabla ya kuuliza dawa, uliza rangi. Chovya pamba kwenye spiriti, sugua kwenye tumbo la meli pasipoonekana. Pamba ikichafuka upesi, hiyo ni akriliki, na spiriti pekee itamaliza kazi. Pamba ikibaki safi, una rangi ya mafuta, zile za vikopo vidogo kama Humbrol, na hapo spiriti itakuchosha bure.

MamaSabuni_Ujiji
Mwanangu Mwanga_Juu, kwa rangi ya mafuta hakuna kinachoishinda kostiki. Sababu ni ile ile tunayoitumia kwenye mawese: kostiki inashika mafuta na kuyageuza sabuni. Rangi hiyo imefungwa kwa mafuta, kwa hiyo inaachia na kubanduka kama ngozi, na polistarini yenyewe haiguswi.

Lakini sikiliza vizuri. Mimi nimeishi na kostiki na bado naiogopa. Kostiki ndiyo inaingia kwenye maji, polepole, huku unakoroga. Ukimimina maji juu ya kostiki, inachemka ghafla na kukurukia usoni. Jicho likipata hiyo kitu, unaweza kulipoteza. Vaa miwani ya fundi na glavu za mpira ndefu, na ndoo ya maji safi iwe pembeni kabla hujaanza. Ikikurukia, suuza kwa maji mengi robo saa nzima bila kuacha, kisha nenda hospitali hata kama unaona nafuu.

Tumia chombo cha plastiki chenye mfuniko. Sufuria ya alumini marufuku: kostiki inaila na kutoa gesi inayowaka. Gramu 50 kwa lita 1 ya maji zinatosha, subiri yapoe, zamisha modeli, ilale humo usiku kucha. Asubuhi suuza, sugua kwa mswaki laini. Pale palipobaki, rudisha tena. Usiongeze ukali kwa kukosa subira.

Na jamani, msiihifadhi kwenye chupa ya soda. Watoto wameungua koo kwa sababu hiyo.

Gereji_Gungu
Mnamtisha bure kijana. Mafuta ya breki yanatoa rangi zote mbili, akriliki na ya mafuta, na hayachemki wala hayakurukii. Kila fundi anajua yakimwagikia bodi ya gari rangi inavimba. Nunua DOT 3 au DOT 4. DOT 5 usinunue, hiyo ni ya silikoni, rangi haiisumbui hata kidogo.

MamaSabuni_Ujiji
Baba, na ukimaliza unayamwaga wapi?

Gereji_Gungu
Kwenye dumu la oili chafu hapa gereji, mama. Akija nayo nitayapokea.

Kibirizi_Dagaa
Shikamoo mama. Umeuliza swali langu. Kila kinachomwagwa kwenye mitaro ya mji huu kinaishia ziwani, na sisi ndiko tunakovua na kuchota maji. Mafuta ya breki ni sumu ukiyanywa, na mengine yanapita kwenye ngozi. Na Dettol msiione mpole kwa kuwa tunaogea. Ikiwa haijachanganywa ni mbaya kwa samaki, na paka wa nyumbani akiramba anaumwa.

ReliYaKati_Tabora
Hapo kwenye Dettol niongeze, maana watu wengi huilaumu bila kosa. Inatoa akriliki vizuri sana, hata ile ngumu. Itumie kavu, isiyo na maji. Shida inakuja wakati wa kusuuza: ikikutana na maji huku rangi imelegea, vyote vinageuka ulimbo mweupe unaonata kwenye kila mfereji wa modeli. Kwa hiyo suguo la kwanza lifanyike kwa Dettol yenyewe, futa kwa kitambaa, rudia, halafu ndiyo uende kwenye maji ya sabuni. Harufu utakaa nayo, hilo halina dawa.

Kwa upande wangu spiriti inaishinda kwa akriliki za kawaida. Ya asilimia 70 inafanya kazi, ya 90 na kuendelea inafanya haraka. Rangi za Tamiya hata haziombi kubembelezwa. Tahadhari yake ni moto tu, na usizidishe muda kama kuna sehemu za rezini, zinalainika.

Mafuta ya breki sikatai kwamba yanatoa rangi. Ila wapo wanaolalamika kuwa plastiki ikikaa humo muda mrefu inakuwa ya kukatika. Kwa modeli ambayo sina ya kubadilisha, siyatumii.

Binti_Isevya
Na kwa nini asipige msasa tu? Nauliza kwa nia njema.

ReliYaKati_Tabora
Dada, msasa unaondoka na ribiti pamoja na rangi, na ribiti ndizo anazozitafuta. Halafu rangi za zamani, hasa njano na nyekundu, zinaweza kuwa na risasi. Vumbi lake si la kuvuta, hasa penye watoto. Ukilazimika, tumia msasa wa maji, vumbi lisiruke.

Mwanga_Juu (Kigoma)
Shukrani wakuu. Nimejaribu pamba. Treni ni akriliki, imechafua mara moja. Meli imekaa kimya, kwa hiyo ni ya mafuta. Mama, shikamoo, nitakuja Ujiji kuchukua kostiki kidogo na kuona unavyoichanganya. Swali la mwisho: treni ina magurudumu yenye kromu inayong'aa, imechubuka. Inatokaje?

MamaSabuni_Ujiji
Marahaba, karibu. Njoo na miwani yako, ya kwangu ni moja.

ReliYaKati_Tabora
Kromu ya modeli ni utando mwembamba sana wa alumini. JIK inauondoa, na kostiki hafifu vilevile. Chini yake mara nyingi kuna vanishi ya njano, hiyo ifuate kwa spiriti, lakini baada ya kusuuza JIK yote na kukausha. JIK haichanganywi na chochote, si spiriti, si siki, si Dettol. Gesi yake inakaba.

Na meli ukiimaliza tuonyeshe. Liemba yenyewe ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaja kwa meli na treni hadi Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Watu wa Kigoma mmeanza modeli kabla yetu.

Gereji_Gungu
Haya, kostiki imeshinda kwa meli. Ila kijana aangalie gundi. Viungo vya gundi ya modeli vimeyeyukiana, havitaachia. Vya supa gluu na ile gundi nyeupe ya shule hesabu kwamba vitafumuka, andaa kisahani cha vipande vidogo.

ReliYaKati_Tabora
Kweli kabisa. Na vioo vya madirisha ya treni vitoe kwanza kabla hujazamisha chochote. Plastiki angavu ikikaa kwenye spiriti inapata ukungu na nyufa ndogo ndogo. Kama vimegandishwa na haviwezi kutoka, usizamishe. Fanya kwa pamba, kona kwa kona.